Upepo wa Mlima Ulio Karibu na Bahari: Namba Iliyo Kwenye Simu Yako Imetoka Wapi?

Programu nyingi za simu hutoa utabiri wa upepo kwa jina la mtaa, kwa kila saa, na wakati mwingine hata kwa desimali. Mtumiaji anayesoma kwamba upepo wa alasiri utakuwa na kasi ya kilomita 27.4 kwa saa ana kila sababu ya kudhani kwamba kuna chombo kilichoutazama mtaa wake na kuupima. Mara nyingi sivyo. Namba hiyo imetokana na hesabu ya kompyuta iliyoigawa dunia katika miraba, na mraba uliotoa namba hiyo huenda ni mpana kuliko mji mzima anamoishi.

Katika nchi tambarare jambo hilo halina madhara makubwa, kwa sababu upepo wa uwanda hautofautiani sana kati ya kijiji na kijiji jirani. Mambo hubadilika pale ambapo mlima mrefu unasimama karibu na bahari. Hapo upana wa mraba unaweza kuamua iwapo kompyuta itaona upepo wa kawaida au upepo wa kuezua mapaa. Katika makala hii tunaeleza sababu zake kwa kutumia tukio lililochunguzwa kwa kina, yaani upepo ulioporomoka kutoka milima ya Maui Magharibi, katika visiwa vya Hawaii nchini Marekani, tarehe 8 Agosti 2023, na kuchochea moto ulioteketeza mji wa Lahaina. Tumelichagua tukio la mbali kwa kuwa vipimo na uchambuzi wake vipo wazi, na kwa kuwa modeli kuu za dunia zinazolitazama eneo lile ndizo zinazolisha pia programu za simu zitumikazo huku kwetu.

Miraba ya kompyuta

Modeli ya hali ya hewa ni programu kubwa ya kompyuta inayokokotoa mwendo wa hewa, joto, unyevu na mgandamizo kwa kufuata kanuni za fizikia. Kwa kuwa haiwezekani kukokotoa kila sehemu ya anga, wataalamu huitandika dunia wavu wa miraba, mfano wa karatasi ya hesabu ya mwanafunzi, na juu ya kila mraba hupanga matabaka ya hewa moja juu ya jingine. Kila mraba katika kila tabaka hupewa namba moja ya upepo, moja ya joto na moja ya unyevu. Ndani ya mraba hakuna tofauti: bonde, kilele na ufuko vilivyomo vyote huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Upana huo wa mraba ndio wataalamu wanaouita resolusheni ya modeli. Mraba ukiwa mdogo, resolusheni huwa kubwa.

Ili msomaji apate kipimo anachokifahamu, na achukue kisiwa cha Unguja, chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,600. Modeli yenye miraba ya upana wa kilomita 30 ingekimaliza kisiwa chote kwa miraba isiyofika miwili. Yenye miraba ya kilomita 9 ingekipa miraba kama 20. Yenye miraba ya kilomita 3 ingekipa karibu 180, na ile ya kilomita 1 ingekipa 1,600. Kisiwa ni kile kile na bahari ni ile ile, lakini mwenye miraba miwili na mwenye miraba 1,600 hawaoni kitu kimoja.

Vipimo hivi havikubuniwa kwa ajili ya mfano. Modeli kuu ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, imetumia miraba ya takriban kilomita 9 tangu mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa takriban kilomita 16. Modeli ya dunia ya Marekani, GFS, hutumia miraba ya takriban kilomita 13. Kumbukumbu mashuhuri ya hali ya hewa ya miaka iliyopita, ERA5, ambayo watu wengi huitumia kujua mahali fulani pamewahi kupigwa na upepo wa kiasi gani, ina miraba ya takriban kilomita 31. Msomaji ayaweke mawazoni makadirio haya manne, kwa sababu tutayapeleka Maui.

Siku ya Lahaina

Mji wa Lahaina uko kwenye ufuko wa magharibi wa kisiwa cha Maui. Nyuma yake unainuka mlima wa zamani wa volkano ambao kilele chake, Puʻu Kukui, kina urefu wa mita 1,764. Kutoka kileleni hadi ufukoni ni kama kilomita 10 tu. Pepo za kudumu za Hawaii huvuma kutoka kaskazini mashariki, na kwa hiyo mlima husimama kati ya upepo na mji. Manahodha wa pwani yetu wana maneno mawili yanayofaa hapa: upande unaopokea upepo huitwa joshini, na ule uliokingwa huitwa demani. Lahaina iko demani. Kwa siku nyingi za mwaka mahali pa namna hiyo ni pa utulivu, na ndiyo maana upepo wa demani unapogeuka kuwa mkali huwakuta watu hawakujiandaa.

Siku ile pepo za kaskazini mashariki zilikuwa na nguvu kuliko kawaida. Zaidi ya hapo, karibu na usawa wa vilele palikuwa na tabaka la hewa lililotulia, ambalo hufanya kazi kama kifuniko cha chungu: hewa inayopanda mlimani haiwezi kuendelea kupanda kwa uhuru, bali hubanwa kati ya mlima na kifuniko hicho. Kinachofuata kinaweza kuonekana katika kijito chochote kinachopita juu ya jiwe. Maji hupanda taratibu kulikabili jiwe, yakishalivuka huwa membamba na ya kasi, yakateremka kama utepe, kisha mbele kidogo yakavurugika na kutoa povu, mwendo ukapungua ghafla. Hewa iliyovuka mlima wa Maui ilifanya vivyo hivyo. Utepe wa kasi ulikuwa juu ya mteremko wa demani, na chini ya mteremko huo ndiko uliko mji.

Uchambuzi wa kitaalamu uliochapishwa baadaye ulikadiria mapigo ya upepo huo kuwa kati ya mita 31 na 41 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 110 hadi 150 kwa saa. Kwa mujibu wa ripoti rasmi ya uchunguzi iliyotolewa Oktoba 2024, moto wa kwanza ulianza asubuhi baada ya nyaya za umeme zilizoanguka kurudishiwa umeme; ulidhaniwa umezimwa, ukafufuka karibu saa 9 alasiri. Kutoka hapo upepo uliusukuma kwenye nyasi kavu za mashamba yaliyoachwa, ukaingia mjini. Watu wasiopungua 100 walifariki dunia, na zaidi ya majengo 2,000 yaliteketea.

Hapa tuseme neno juu ya kimbunga. Siku ile kimbunga Dora kilikuwa kikipita kusini mwa visiwa, na vyombo vya habari vingi duniani vilikitaja kuwa ndicho kilicholeta upepo. Wachambuzi waliolipitia tukio walikuta kwamba kimbunga kilikuwa umbali wa takriban kilomita 1,300 na hakionekani kuwa na mchango mkubwa. Ni rahisi kuelewa kwa nini kilitajwa: katika ramani ya dunia kimbunga huonekana vizuri, na mlima wa kilomita chache hauonekani kabisa. Jicho hulaumu kile linachokiona.

Jinsi mlima unavyopotea

Kabla ya kukokotoa upepo, kompyuta inapaswa kuambiwa ardhi ina sura gani, nayo huambiwa kwa wastani wa kila mraba. Tuchukue mfano wa hesabu. Mraba wa kilomita 30 una robo moja ya nchi kavu yenye kimo cha wastani wa mita 800, na robo tatu ni bahari. Wastani wa mraba huo ni mita 200. Mlima unaozidi mita 1,700 kileleni umegeuka kuwa kichuguu kipana, na hewa ya kompyuta hukipita juu kwa wepesi bila kubanwa popote. Kompyuta haikukosea kujumlisha wala kugawanya. Imekokotoa kwa usahihi upepo wa kisiwa ambacho hakipo.

Katika miraba ya kilomita 9 hali ni afadhali, kwa kuwa mlima utaonekana, ingawa kilele chake kitakuwa kimepunguzwa. Tatizo linalobaki ni mteremko. Kutoka Puʻu Kukui hadi ufukoni tumesema ni kama kilomita 10, kwa hiyo mteremko wote, ambao ndio uliobeba utepe wa upepo, unaangukia karibu mraba mmoja. Mraba mmoja hauwezi kuonesha kwamba upepo ulikuwa mpole juu, mkali katikati na uliovurugika mbele. Una namba moja tu ya kutoa. Wataalamu huhesabu kwamba modeli huanza kulichora umbo la hewa kwa uaminifu pale umbo hilo linapoenea juu ya miraba ipatayo sita au saba. Kwa kipimo hicho, mteremko wa kilomita 10 unahitaji miraba ya kilomita moja na nusu hivi.

Kuna na mambo mengine mawili yanayoambatana na upana wa mraba. La kwanza ni ufuko. Mraba uliokanyaga nchi kavu kwa nusu na bahari kwa nusu hupewa ukwaruzo wa kati kwa kati, ilhali upepo halisi hukutana na nyumba na miti upande mmoja na maji laini upande wa pili. La pili ni matabaka ya wima. Utepe wa upepo unaoporomoka mlimani unaweza kuwa na kina cha mita mia chache tu, na modeli yenye matabaka machache karibu na ardhi itaupoteza hata kama miraba yake ni midogo. Tangazo la kibiashara linalojisifu kwa miraba midogo huwa halitaji matabaka.

Je, walioendesha modeli za miraba midogo kwa ajili ya Maui waliuona upepo ule? Ndiyo. Uchambuzi tulioutaja ulikuta kwamba modeli za eneo dogo zilibashiri kwa usahihi mkubwa mahali, nguvu na saa ya upepo mkali. Nayo idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa imetoa onyo la hatari ya moto unaochochewa na upepo tarehe 7 Agosti, siku moja kabla. Hatusemi kwamba wakazi wa Lahaina walipotoshwa na simu zao. Sababu za vifo vile ni nyingi: mawasiliano yalikatika, ving'ora havikulia, barabara zilizibwa. Tunachosema ni kwamba siku hiyo palikuwa na taarifa za aina mbili kuhusu mahali pamoja, moja ya miraba mipana na nyingine ya miraba midogo iliyopitiwa na watabiri wanaoijua milima yao, na mtumiaji wa kawaida anapofungua simu yake haambiwi anasoma ipi.

Tofauti hiyo si ya kitaalamu pekee. Nguvu ya upepo kwenye ukuta au paa hukua kwa mraba wa kasi, kwa maana kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Aliyejiandaa kwa upepo wa kilomita 40 kwa saa akapigwa na wa 120 amekutana na nguvu mara tisa ya ile aliyoitarajia. Paa lililofungwa kwa ajili ya upepo wa kwanza halina sababu ya kubaki mahali pake.

Je, mraba mdogo zaidi ndio ukweli?

Hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa kuwa wauzaji wa huduma za utabiri wameshajua kwamba mraba mdogo unavutia, na baadhi yao hutangaza miraba ya kilomita moja kana kwamba ni cheti cha ubora. Mambo si mepesi hivyo.

Ushahidi mzuri unatoka kusini mwa California, ambako upepo uitwao Santa Ana hushuka kutoka milimani kuelekea bahari ya Pasifiki. Mnamo Oktoba 2007 upepo huo ulisukuma moto wa Witch Creek katika wilaya ya San Diego. Baada ya hapo kampuni ya umeme ya eneo hilo ilisimika vituo vya kupimia hali ya hewa milimani, ambavyo sasa vimezidi 200, na watafiti wakapata nafasi adimu ya kuilinganisha modeli yenye miraba isiyofika kilomita moja na vipimo vya bonde kwa bonde. Matokeo yanafundisha. Kwa wastani wa vituo vyote modeli ilifanya vizuri sana. Kwa kituo kimoja kimoja, mara nyingi ilikosea: baadhi ya vituo vilipigwa na upepo mkali zaidi ya ulivyobashiriwa, vingine hafifu zaidi, kutegemea kilima kilicho jirani, miti, hata mkao wa chombo. Aidha, matokeo yalibadilika kutegemea jinsi modeli ilivyoelezwa ukwaruzo wa ardhi. Miraba midogo iliyopewa maelezo mabaya ya ardhi hutoa upepo mbaya kwa mapambo mazuri.

Halafu kuna suala la pigo la upepo. Namba kuu unayoiona kwenye simu kwa kawaida ni kasi ya wastani, inayokadiriwa katika kimo cha mita 10 juu ya ardhi. Pigo, yaani upepo wa sekunde chache unaovunja tawi au kung'oa bati, halikokotolewi moja kwa moja hata na miraba ya kilomita moja. Hukadiriwa kwa kanuni ya ziada. Katika vituo vya San Diego mapigo yalikuwa kwa wastani takriban mara 1.7 ya kasi ya kawaida. Kwa hiyo programu inayoonesha kasi ya wastani peke yake, bila pigo, imekuficha sehemu ya upepo yenye madhara, hata kama haikukusudia.

Jambo jingine lisilosemwa sana ni namna modeli zinavyopewa alama. Tuseme modeli ya miraba midogo imebashiri upepo mkali juu ya mteremko, na upepo ukaja kweli, ila kilomita tano kando. Kwa hesabu ya kawaida modeli hiyo huadhibiwa mara mbili, kwanza kwa kutoa upepo mahali ambapo haukuwepo, tena kwa kuukosa mahali ulipokuwepo. Modeli ya miraba mipana ambayo haikuonesha upepo mkali popote huadhibiwa mara moja tu, nayo hushinda mashindano. Sisi tunaona kwamba mtu anayeishi chini ya mlima angependelea aliyekosea kwa kilomita tano kuliko ambaye hakuona kitu. Lakini jedwali la ushindi linalobandikwa kwenye tangazo la programu halimpendelei yeye. Ukiona programu inajitangaza kuwa sahihi kuliko zote, uliza imepimwa wapi: kama vituo vingi vilivyotumika viko kwenye viwanja vya ndege na nchi tambarare, ushindi huo hauhusu mteremko wako.

Kwa nini basi wasitumie miraba midogo kila mahali

Sababu ni gharama, na hesabu yake ni fupi. Upana wa mraba ukipunguzwa kwa nusu, idadi ya miraba huongezeka mara nne. Na kwa kuwa hewa huvuka mraba mdogo kwa muda mfupi zaidi, kompyuta hulazimika kukokotoa kwa hatua fupi mara mbili. Jumla ya kazi ni mara nane. Kutoka kilomita 9 hadi 3 ni mara 27. Kutoka 9 hadi 1 ni mara 729, kabla hatujaongeza matabaka. Ndiyo maana modeli za dunia hubaki na miraba mipana, na miraba midogo huwekwa juu ya nchi au eneo ambalo kuna taasisi iliyokubali kulilipia.

Siku hizi kuna utabiri wa akili mnemba, ambao hutolewa kwa dakika chache na kwa gharama ndogo, na programu kadhaa zimeanza kuutumia. Tunauheshimu, kwani katika mambo mengi ya mizani mikubwa unafanya vizuri. Ila mtumiaji ajue kwamba modeli mashuhuri za aina hiyo, kama GraphCast ya mwaka 2023, zimefundishwa kwa kumbukumbu ya ERA5, na miraba yake ni ya takriban kilomita 28. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa ramani isiyo na mlima hawezi kutarajiwa kuujua upepo wake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki na visiwa vya jirani, swali la mlima na mraba lipo mlangoni. Ngazidja ni kisiwa kidogo, na juu yake umesimama mlima Karthala wenye mita 2,361. Katika miraba ya kilomita 30 mlima huo hupatwa na yale yale yaliyoupata ule wa Maui. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto, yenye kilomita kama 33 na kona zisizohesabika, hupanda takriban mita 1,000. Kwa ndege aliyenyoosha njia ni miraba miwili tu ya modeli ya dunia. Hatusemi kwamba mahali hapa pana upepo kama wa Lahaina. Tunasema kwamba namba ya simu inayotajwa kwa jina la Lushoto au Moroni imetoka kwenye ardhi iliyosawazishwa, na inastahili kusomwa hivyo.

Mtumiaji anapaswa kufanya nini

Kwanza, atofautishe utabiri na tahadhari. Namba ya programu hutolewa na mashine bila mtu kuitazama. Tahadhari rasmi ya mamlaka ya hali ya hewa hutolewa na watabiri waliolinganisha modeli kadhaa na vipimo vya vituo. Nchini Tanzania hutolewa kwa ngazi za Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa, na taarifa za upepo mkali baharini kwa kawaida hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Programu ikionesha utulivu na tahadhari ikasema upepo, fuata tahadhari. Nahodha mwenye abiria asiitumie namba ya simu kama kibali cha kung'oa nanga.

Pili, asome kipimo. Programu moja huandika kilomita kwa saa, nyingine mita kwa sekunde, nyingine noti. Mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa, na noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Namba 20 inaweza kuwa upepo wa kuanikia nguo au upepo wa kufungia mlango, kutegemea herufi ndogo zilizoandikwa pembeni yake. Atafute pia mahali palipoandikwa mapigo. Kama hapapo, asidhani kwamba hayatakuwepo.

Tatu, aulize maswali matatu kabla ya kulipia huduma yoyote ya utabiri: Namba zenu zinatoka modeli gani? Mraba wake una upana gani katika eneo langu, si katika nchi yenu? Na je, jina la mtaa wangu lina hesabu yake yenyewe, au mmegawanya tu namba za miraba ya jirani? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Programu nyingi huchukua miraba minne ya kilomita 9 au zaidi, zikatafuta namba ya kati kwa mahali ulipo, kisha zikaandika jina la mtaa wako. Hesabu hiyo ni halali. Kisicho halali ni kuiuza kana kwamba ni utabiri wa mtaa. Mtoa huduma mwaminifu atajibu kwa sentensi mbili. Anayejibu kwa kurasa za sifa hajajibu.

Tunapokea malalamiko kuhusu huduma za utabiri zinazolipiwa. Hatuwezi kumchukulia hatua mtoa huduma kwa sababu tu upepo haukuja au ulikuja bila kubashiriwa, kwani hakuna modeli isiyokosea. Tunaweza kumchukulia hatua aliyetangaza usahihi wa mtaa kwa namba za miraba mipana, aliyeficha chanzo cha namba zake, au aliyefuta utabiri wake wa awali baada ya tukio. Kwa hiyo anayetaka kulalamika ahifadhi picha ya ukurasa wa programu ikionesha saa na tarehe, aandike mahali alipokuwa, aeleze kama ni juu ya mteremko, chini yake au ufukoni, na aambatanishe stakabadhi ya malipo. Picha ichukuliwe kabla ya upepo kufika, kwa kuwa kurasa za utabiri hujisasisha, na yaliyokuwa yameandikwa asubuhi huwa hayapo jioni.